Seva Nane na Wifi Mmoja

Ofisini walimwita Bi Kwanza, na jina hilo hakulipata kwa kuwa wa kwanza katika jambo lolote. Kwao alizaliwa wa nne, shuleni hakuvuka nafasi ya kumi na saba, na kwenye meza ya chai mara nyingi alifika birika ikiwa imebaki majani matupu. Jina lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Ukimwambia "washa", anakujibu "kwanza". Kwanza tuangalie waya. Kwanza tusome maandishi ya nyuma. Kwanza nipe bisibisi.

Subira wengine huzaliwa nayo. Yeye aliipata kwa moshi. Akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, fundi mpya katika kibanda cha mjomba wake cha kutengeneza redio na kompyuta, aliletewa kompyuta tatu za shule fulani. Nyuma ya kila moja palikuwa na kiswichi chekundu cha kuchagua nguvu ya umeme, nacho kilikuwa kimeelekezwa siko. Hakukitazama. Akachomeka zote tatu kwa mpigo, ili mjomba aone jinsi mpwa wake alivyo mwepesi. Zikalia pa! pa! pa! kama bisi kwenye sufuria, kibanda kikajaa harufu ambayo hajaisahau mpaka leo. Mjomba hakufoka. Alimkalisha chini siku mbili, akamfungulisha zote tatu, na kila kilichoungua akamtaka akitaje jina. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; Bi Kwanza akiona plagi, mkono wake hurudi nyuma kwanza.

Sasa alikuwa mama wa watu wazima wawili, mke wa seremala mpole, na fundi wa kompyuta katika ofisi ya hali ya hewa kwa mwaka wa kumi na nne. Kompyuta iliyokuwa ikikokotoa mvua ilikuwa mzee wa ofisi. Ukiiuliza asubuhi habari za mvua ya kesho, inafikiri, inakoroma, inapata joto, na ikimaliza kujibu watu wameshaoga matope wakavua na viatu. Ndiyo maana siku ya Jumatatu lori lilipoleta masanduku manane ya seva mpya, ofisi nzima ilitoka nje kama watoto waliosikia ngoma. Mashine hizo nane zilikusudiwa kuunganishwa zifanye kazi kama moja, jambo ambalo wataalamu huliita klasta. Mhandisi wa kuziunganisha alikuwa anatoka mbali, naye angefika Ijumaa saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo chumba, umeme, mashine na mtandao vilitakiwa viwe tayari.

Mkurugenzi alikuwa mtu mwema mwenye haraka isiyokwisha. Hata kiti chake alikikalia kwa ukingo. Aliligonga sanduku la kwanza kwa kiganja, kama anayechagua tikiti maji.

"Bi Kwanza, hebu tuwashe moja tuone."

"Kwanza, mkuu..."

"Aa, nimejitakia mwenyewe," akasema Mkurugenzi, akarudi ofisini kwake.

Chumba alichopewa kilikuwa ghala la zamani la majalada, chini kabisa ya jengo. Kuta zake nene ziliimeza simu yoyote. Ukitaka kuongea na mtu lazima upande ngazi mpaka mlango mkubwa, pale anapokaa mlinzi. Humo ndimo Bi Kwanza alimoanza kufungua seva moja moja, taa ndogo kichwani, kama daktari wa meno. Hakuwasha hata moja kabla ya kuichungulia tumboni. Seva ya pili ilikuwa na kijiti cha kumbukumbu kilichoinuka kwa mtikisiko wa barabara. Akakibonyeza mpaka kikasema tak. Ya nne, ilipowashwa, saa yake iliamini kwa moyo mweupe kwamba bado ni mwaka juzi. Ya tano na ya nane zilikuwa na programu ya ndani ya toleo la zamani kuliko za wenzao. Vitu vidogo, lakini mashine zinazotaka kufanya kazi kama moja haziwezi kuwa kila moja na saa yake na akili yake. Hata ndoa hazivumilii hayo.

Tatizo lake kubwa halikuwa mashine. Lilikuwa fundi umeme.

Kazi ya umeme wa chumba ilikuwa imepewa mkandarasi mmoja tu mjini aliyeaminika, na mkandarasi huyo alikuwa Mama Fyuzi, dada mkubwa wa seremala. Kwa maneno mengine, wifi yake. Wifi hao wawili walikuwa na miaka kumi na moja ya baridi kati yao, na chanzo chake kilikuwa friji. Mama Fyuzi alinunua friji mpya, akaita ndugu waje waione, na ilipofika wakati wa kuichomeka, mke wa mdogo wake akainua kidole katikati ya watu: "Kwanza niangalie hiyo soketi." Katika nyumba ambayo kila waya Mama Fyuzi aliupitisha kwa mkono wake! Ni sawa na kumwuliza mwalimu wa hesabu kama anajua kujumlisha. Tangu siku hiyo hawakugombana wala hawakununiana waziwazi. Ila Mama Fyuzi hakuwahi kumwita wifi. Mbele yake alimwita "fundi", na nyuma yake "yule mke wa mdogo wangu".

Jumanne asubuhi Mama Fyuzi alimaliza kufunga soketi za kabati la seva, akapangusa mikono kwenye ovaroli.

"Umeme wako huo, fundi."

Bi Kwanza alijaribu kuliuma neno. Likamponyoka. "Ahsante, dada. Ila kwanza, tungeupima ukiwa umebeba mzigo. Seva zote zikiwaka pamoja..."

"Unanipima mimi?"

"Sikupimi wewe, dada. Naupima umeme."

Mama Fyuzi alimtazama kwa muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Kisha, labda kwa sababu hiyo, akapanda juu, akapita ofisi baada ya ofisi, na akarudi na birika saba za umeme akiwa amezining'iniza mikononi kama mwindaji aliyerudi na kanga. Akazijaza maji zote. Akazichomeka kwenye soketi za kabati. "Haya. Mzigo huo."

Zikaanza kunguruma. Dakika ya kwanza, sawa. Dakika ya pili, sawa, na Mama Fyuzi akakunja mikono kifuani. Dakika ya tatu kiyoyozi kikajiwasha chenyewe ukutani, na tap! chumba kizima kikawa giza.

Gizani zilisikika birika saba zikinyamaza moja baada ya nyingine.

"Kiyoyozi," ikasema sauti ya Mama Fyuzi hatimaye. "Aliyekifunga zamani alikiunga njia moja na hizi soketi. Nilikiamini."

Bi Kwanza angeweza kusema mengi. Alikuwa na miaka kumi na moja ya mengi. Badala yake akawasha taa ya kichwani, akaielekeza kwenye kisanduku cha umeme, akasema, "Nikumulikie wapi, dada?"

Mpaka saa tisa alasiri kiyoyozi kilikuwa na njia yake peke yake. Birika zikachomekwa tena, zikachemka zote mpaka mvuke ukatanda, na maji hayo hayakupotea: idara nzima ya vipimo ilikunywa chai mara mbili siku hiyo.

Jumatano ilikuwa siku ya anwani. Kila mashine kwenye mtandao inahitaji anwani yake, kama nyumba inavyohitaji namba, barua ya huyu isije ikaingia kwa yule. Bi Kwanza aliandika orodha kwenye karatasi ya mistari, kumi na moja hadi kumi na nane, kisha akaiingiza kwenye kompyuta ndogo aliyoipa kazi ya ukarani. Seva ikiwaka huuliza, "Mimi ni nani hapa?" Karani anatazama daftari lake, anajibu, "Wewe ni kumi na tatu," na mambo yanakwenda. Nyaya zote za mtandao zilikuwa za bluu, zenye lebo huku na kule. Mpaka saa kumi seva zote nane ziliitikia majina kwa zamu kama darasa la mwalimu mkali. Bi Kwanza akazizima, akaenda nyumbani akiimba wimbo ambao hakuyajua maneno yake.

Alhamisi asubuhi akaziwasha tena, akaziita. Tano zikaitika. Tatu zikaitika kwa namba asizozijua kabisa: mia na mbili, mia na tatu, mia na tano. Namba za mtaa mwingine.

Akadhani ni waya. Akabadilisha waya. Seva ya tatu ikarudi nyumbani, lakini ya saba ikapotea. Akabadilisha tundu kwenye swichi ya mtandao, kisanduku zinamokutana nyaya zote. Ya saba ikarudi, ya kwanza ikaondoka. Ukiziba hapa, panavuja pale. Alisoma orodha yake mara nne. Alipanda ngazi kusoma maelezo kwenye simu, akashuka, akapanda tena, mpaka mlinzi akamwuliza kama anafanya mazoezi kwa ushauri wa daktari.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni. "Ziko tayari? Mgeni wetu kesho saa tatu."

"Kwanza, mkuu, nikae chini."

Akakaa juu ya sanduku tupu, akafumba macho. Mashine haijitungii namba, akajiambia. Mashine haina uongo, inarudia ilichoambiwa. Kama si karani wangu aliyeiambia, basi humu kuna karani wa pili, naye ana daftari lake. Seva inauliza, anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa.

Akafumbua macho. Aliiuliza swichi kubwa ya mtandao sauti hiyo ngeni inaingilia tundu gani, nayo ikamwonyesha: tundu la ishirini na tatu. Yeye hakuwahi kutumia tundu la ishirini na tatu. Akainama na taa yake. Humo ulichomekwa waya wa njano. Akaufuata kwa vidole, nyuma ya kabati, chini ya bomba la nyaya, hadi juu ya kisanduku cha umeme, na pale akakuta ruta ndogo nyeupe ya kurusha mtandao hewani, antena mbili zimesimama kama masikio ya sungura, taa zinakonyeza. Mbele yake ilibandikwa karatasi ya gundi, imeandikwa kwa kalamu nene: YA WIFI. USITOE.

Akaichomoa, akapanda nayo ngazi.

"Mlinzi, nani kaileta hii chini?"

Mlinzi akasoma karatasi polepole. "Si imeandikwa? Ya wifi."

"Najua ni ya wifi. Nauliza ni ya nani."

"Ndiyo nakwambia, mama. Ya wifi."

"Mlinzi, wifi ni kitu. Hakina mikono ya kupanda juu ya kisanduku cha umeme."

Mlinzi akavua kofia kwa mshangao. "Kitu? Bi Kwanza, hata kama hamuelewani, usimwite mwenzio kitu! Mtu mzima yule, ana na wajukuu. Kapita hapa jana saa kumi na moja, ulipokuwa umeshaondoka. Kaniambia kasahau koleo."

Bi Kwanza akabaki amesimama, ruta mkononi, huku maana ikimwingia taratibu kama maji kwenye sponji. Ya wifi. Mama Fyuzi! Kwa hiyo habari ya birika haikuisha Jumanne ile. Kwa hiyo alikuwa anataka kumwumbua mbele ya mhandisi, alipe giza kwa giza. Hasira ikampanda kwa hatua, kama afanyavyo yeye kila kitu: kwanza masikio, halafu shingo, halafu ikatulia kifuani ikangoja saa nane mchana, Mama Fyuzi alipotarajiwa kuja kufunga mfuniko wa mwisho.

Saa nane na dakika tano Mama Fyuzi aliingia na mfuniko kwapani.

"Dada," Bi Kwanza akaanza, na sauti yake ilikuwa imenyooka kama rula, "hii ruta yako imenipotezea siku nzima."

"Si yangu."

"Mlinzi kakuona."

"Kuiweka nimeiweka. Lakini si yangu. Kwani husomi?"

"Imeandikwa ya wifi."

"Sasa?" Mama Fyuzi akaweka mfuniko chini. "Wifi yangu mimi ni nani?"

Bi Kwanza aliitazama ile karatasi, akatazama maandishi manene yaliyopinda, akayasoma upya.

"Nilikuona Jumanne," Mama Fyuzi akaendelea, akiongea na soketi zaidi kuliko na mtu. "Unapanda ngazi, unasoma kitu kwenye simu, unashuka, umesahau nusu, unapanda tena. Mara kumi na moja, nilihesabu. Na goti lako lile najua lina shida, mdogo wangu aliniambia. Nyumbani nina ruta haina kazi. Nikasema nimwekee wifi, apate mtandao humu humu. Uso kwa uso nisingeweza kukupa. Ungesema kwanza."

Ile hasira iliyokuwa imejipanga vizuri kifuani ikakosa pa kukaa. Bi Kwanza akajikuta anacheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, mpaka akashikilia kabati.

"Sasa unanicheka?"

"Sikucheki, wifi." Neno likatoka bila kujikwaa. "Njoo nikuonyeshe zawadi yako ilivyofanya kazi."

Akamweleza habari za karani na daftari, na karani wa pili aliyeingia bila kuitwa akaanza kugawa namba za mtaa mwingine. Mama Fyuzi alisikiliza kwa makini ya fundi, akatikisa kichwa. "Kumbe! Yaani kalala siku moja tu, kashavuruga ukoo."

"Lakini ungeniambia, wifi."

"Na wewe siku ile ungeniuliza soketi imefungwa na nani, kabla ya kuinua kidole."

"Hilo kweli," akasema Bi Kwanza. "Nisamehe. Kidole changu kina akili yake."

"Na mimi nimekaa na kinyongo cha friji mpaka friji yenyewe imekufa. Yaishe."

Ruta haikutupwa. Bi Kwanza aliifungua, akaizima tabia yake ya kugawa namba, na akaihamishia kwenye mtandao wa wageni wa ofisi, mbali na seva. Sasa simu zilishika humo chumbani. Kisha wakaziwasha seva zote nane, wakazizima, wakaziwasha, mara tano mfululizo. Kila mara kumi na moja hadi kumi na nane, hakuna aliyepotea.

Zilibaki lebo za majina. Mkurugenzi alikuwa amependekeza sayari, lakini Mama Fyuzi alisema ofisi ya mvua yenye mashine iitwayo Zohali ni kichekesho. Basi akawa anamulika na kusoma namba, wifi yake anaandika: Umande, Ukungu, Manyunyu, Rasharasha, Wingu, Upepo, Radi, Gharika.

"Huyo Radi," Mama Fyuzi akasema, "mwache nimkague waya wa ardhi upya. Jina lake silipendi."

Ijumaa saa tatu mhandisi alifika, kijana mrefu mwenye begi la mgongoni na miwani iliyojaa vumbi la safari. Alitoa orodha yake ya maswali thelathini na moja, akaeleza kwa upole kwamba kwa kawaida siku ya kwanza huisha kwenye maswali hayo tu, kwa hiyo wasivunjike moyo. Umeme umepimwa ukiwa na mzigo? Umepimwa. Kwa kifaa gani? Kwa birika saba. Akainua miwani, akamtazama Mama Fyuzi, akaandika. Kumbukumbu zinalingana? Matoleo ya programu? Saa? Anwani? Kwa kila swali Bi Kwanza alimpa karatasi, au alimwambia achungulie mwenyewe. Saa nne na robo maswali yalikuwa yamekwisha.

"Nani ameandaa hapa?" mhandisi akauliza.

"Sisi," akasema Bi Kwanza, na Mama Fyuzi akajifanya anatafuta koleo.

Kufika saa nane klasta ilikuwa imesimama. Mkurugenzi aliruhusiwa kubonyeza kitufe, na alikibonyeza kwa furaha hata akakibonyeza mara mbili. Mvua ya kesho, iliyokuwa ikichukua siku kukokotolewa, ilikuja kwa dakika thelathini na nane. Ilikuwa manyunyu kidogo upande wa milimani, hakuna la kutisha, lakini watu wote walipiga makofi kana kwamba mvua hiyo wameitengeneza wao.

Mhandisi aliporudi kwao alisimulia. Habari ikatembea, na baada ya miezi miwili ikaja barua kutoka ofisi ya ramani, mwendo wa saa tatu kwa gari: nao wananunua seva, je, wangeweza kupata mafundi wale wawili waje kuandaa chumba? Mkurugenzi akakubali kabla hajamaliza kuisoma. Wifi wawili wakaondoka asubuhi na mapema kwenye gari la Mama Fyuzi, ngazi juu, masanduku ya vifaa nyuma, wakibishana njia nzima kama dirisha lifungwe au liachwe wazi.

Chumba cha ofisi ya ramani kilikuwa jiko la zamani. Mwenyeji wao akawafungulia mlango kwa fahari, akawaonyesha mahali palipochorwa kwa chaki pa kusimamisha kabati. Juu kabisa ya alama ile palipita bomba la maji, na kwenye kiungo chake tone lilikuwa linajikusanya, linanenepa, linaanguka, linaanza tena.

Wakalitazama wote wawili. Wakatazamana. Mama Fyuzi akarudisha bisibisi mfukoni.

"Hapa mnaye fundi bomba?" Bi Kwanza akamwuliza mwenyeji.

"Yupo, lakini ni wa mbali kidogo. Ng'ambo ya soko."

"Basi twende tukamlete," akasema Mama Fyuzi, funguo za gari mkononi tayari, na wifi yake akamfuata.